Barua ya wazi kwa wanaosali rozari Bonde la Lukuledi, msimu wa korosho ukianza

Wanangu na wajukuu zangu wa jumuiya na vikundi vya sala, kuanzia Masasi na Ndanda mpaka Nyangao, Tumsifu Yesu Kristo.

Malalamiko yenu yamenifikia, na yanafanana. Kwaresima watu walisimama mpaka nje ya kanisa kwenye Njia ya Msalaba. Mei rozari ilizunguka nyumba kwa nyumba. Sasa mikorosho imeanza kudondosha, na jioni wanabaki kina mama wawili watatu na watoto wa Utoto Mtakatifu. Kuna aliyeniuliza kama mfunge siku saba na kukesha ili moto urudi. Mimi nasema hapana. Punguzeni, ila msiache.

Mkesha sikatazi. Lakini mtu ameamka alfajiri, ameinama kuokota korosho na kutenganisha mabibo mpaka jua linazama. Ukimwambia akeshe atakuja mara ya kwanza, ya pili atatuma salamu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile inayofuatwa na watawa wa Ndanda, inasema katika sura ya 20 kwamba sala iwe fupi na safi, na inayosaliwa kwa pamoja ifupishwe zaidi. Hayo yameandikwa kwa watu wanaosali mara kadhaa kila siku maisha yao yote. Sisi wa jioni moja tunataka saa nne, na nyingine mbili za matangazo! Rozari ya matendo matano haizidi nusu saa. Pangeni saa na nyumba, msihamehame, msisubiri wenye pikipiki. Litania ikiisha, watu wakapike.

Papa Leo XIII alipoagiza mwaka 1883 kwamba Oktoba uwe mwezi wa rozari, habari za korosho hakuwa nazo. Kwetu Oktoba ni mwezi wa mnada, wa pesa, na wa uraka, pombe ya mabibo. Ndiyo maana naiona Oktoba kuwa kipimo chetu kuliko Kwaresima. Kwaresima ghala ni tupu, kila mtu ni mcha Mungu. Asiyeweza kufika jumuiyani asali shambani. Vidole ni kumi, na Salamu Maria za kila tendo ni kumi. Hata rozari ikisahaulika nyumbani, kazi inaendelea. (Matendo ya mwanga, yanayosaliwa Alhamisi, yaliongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, na wako wazee wenzangu ambao Alhamisi bado wanasali ya furaha. Waacheni, msiwasahihishe katikati ya sala.)

Msidhani imani ya bonde hili ilisimama kwa sababu watu walikuwa na hisia kali. Misheni ya Lukuledi ilianza 1895, Nyangao mwaka uliofuata. Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, zote mbili zikaharibiwa, na Askofu Cassian Spiss akauawa na wenzake njiani kuelekea Liwale. Babu zetu walikuwa na sababu za kuuchukia utawala wa Wajerumani, kodi na pamba ya kulazimishwa, hilo tusilifiche. Mwaka 1906 Ndanda ikaanzishwa. Kisha vita kuu ikatufikia, na Oktoba 1917 Waingereza na Wajerumani wakauana kwa siku kadhaa pale Mahiwa, jirani na Nyangao. Wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Padre akikosekana, misa haipo. Kinachobaki ni katekista, rozari, na sala za asubuhi na jioni zinazojulikana kwa moyo. Sala hizo mnazoziona za kizee ziliwahi kubeba watu wasio na kitu kingine cha kushika.

Kuhusu kitubio. Wakulima mnajua salfa inapulizwa maua yanapochomoza, tena kwa kurudia, kabla ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haujashika; ukisubiri mpaka maua yakauke, umepoteza fedha. Basi ungameni sasa, kabla malipo hayajaingia, na mrudie kabla ya Krismasi. Paroko ana vigango vingi, yaani makanisa madogo ya parokia, hawezi kuwafuata mmoja mmoja. Nendeni viongozi wawili, mwombeni siku, mkusanye watu.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi isigeuzwe dawa. Zile tisa mfululizo, zinazotokana na Mtakatifu Margareta Maria Alacoque, ni za kumpenda Moyo Mtakatifu wa Yesu kwa kuungama na kukomunika. Nimeona rozari imefungwa kwenye bodaboda na mwenyewe hajui sala ya Nasadiki. Nimeona pia wanaotoka kuabudu Ekaristi wakapitia kwa mganga kupata uhakika. Hao hawahitaji ibada mpya.

Nanyi vijana mlioipenda misa ya Kilatini kupitia simu, nawaelewa. Sisi tulikulia humo, na wimbo wa Tantum ergo bado unanitoa machozi. Ila kijana anayeijua Kilatini ya kwenye simu na hajawahi kumfagilia nyumba bibi mgonjwa wa jumuiya yake, sijui ameipenda ipi.

Majirani zetu Waislamu hawaulizani kama wamejisikia kuswali. Adhana ikilia wanakwenda. Kengele yetu ya Malaika wa Bwana, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, vigango vingi imenyamaza. Irudisheni, hata kwa kugonga rimu ya gari.

Waliopotea msiwafuate na karipio. Wengine wanaona aibu kwa ajili ya uraka, wengine kwa ajili ya ndoa zao. Novemba 2 ni siku ya Marehemu Wote: anzeni kupalilia makaburi wiki moja kabla, mkawaite hao kwa jembe. Kwenye kaburi la mama yake mtu hakatai kuja. Na rozari ya siku hiyo mpeni mmoja wao aongoze tendo moja.

Babu yenu,
katekista mstaafu, Ndanda