Salamu za Noeli kutoka kwa Mzee wa Ndoo

Mbukwenyi, majirani zangu wa Chang'ombe, nanyi wanangu mliohamia Ihumwa, Nala na Dar es Salaam. Heri ya Noeli, na mwaka mpya uwakute wazima.

Mvua imeshuka. Wenye mashamba wanapanda uwele na mtama, mizabibu imevaa majani, vumbi la mwezi wa kumi limelala. Kwenu mvua hii ni chakula. Kwangu imekuwa likizo miaka yote. Kiangazi nyasi zetu hukauka zikawa kama karatasi, na upepo wa Dodoma mnaujua. Mtu akichoma takataka kando ya shamba asubuhi, mchana tuko kilimani na matawi mabichi tunapiga moto. Mvua ikianza ndipo navihamisha viatu kutoka kando ya kitanda.

Lakini moto wa nyikani ukilala, wa jikoni huamka, na siku yake kubwa ni hii ya leo. Kuni zinawaka uani, mkaa barazani, gesi ndani, na karai la maandazi liko motoni huku mpishi ameitwa sebuleni kupokea wageni. Umeme ukikatika, mishumaa. Ndiyo maana tangu 1986, mwaka tulioanzisha kikosi chetu cha kujitolea, sikumbuki Noeli niliyokula nikamaliza. Yowe likipigwa, naondoka na tonge mkononi. Mama watoto, Mungu amrehemu, mwanzoni alinuna. Baadaye akazoea: akiona nimesimama, anachukua mfuniko wa sufuria na kuifunika sahani yangu bila neno.

Tulianza vijana tisa baada ya karakana ya mbao ya jirani kuungua usiku mmoja tukitazama. Enzi hizo zimamoto walikuwa chini ya halmashauri, kabla ya sheria ya 2007 kuweka msingi wa jeshi moja la taifa. Tukaenda kituoni kuomba kufundishwa. Askari mmoja, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, alitufundisha siku za Jumamosi: kukunja mpira wa maji, kushika mtungi wa kuzimia moto, kutambaa chini ya moshi kwa sababu hewa nzuri imebaki karibu na sakafu. Vifaa vyetu wenyewe vilikuwa ndoo, mchanga, majembe na blanketi. Ndipo nikapata jina hili ambalo hata wajukuu wananiitia.

Msidhani kazi ilikuwa kuzima tu. Kazi ngumu ilikuwa kuwarudisha watu nyuma. Moto unaita watazamaji, na penye mafuta yaliyomwagika unaita na wenye madumu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka liliwaka watu wakichota, wakafa zaidi ya 100. Usiku ule sikulala. Niliwaza kila mtu niliyewahi kumsukuma barabarani akanitukana.

Na wako niliowakosa. Kuna nyumba moja hapa mtaani, sitaitaja, wenyewe mnaijua. Madirisha yote yalikuwa na nondo za kuzuia mwizi, mlango mmoja tu, na moto ulikuwa mlangoni. Tulizing'oa zile nondo kwa mtaimbo, lakini tulichelewa. Kila Desemba huenda kuwasalimu wale waliobaki. Hatuzungumzi sana, tunakunywa chai.

Mimi sasa magoti hayataki kutambaa. Mwezi uliopita niliwakabidhi vijana ndoo na mtaimbo, wapo kumi na wanne, wanne wakiwa mabinti, na wana mbio kuliko sisi. Basi wapunguzieni kazi. Mafuta yakiwaka kwenye karai, zima jiko, funika kwa mfuniko, ondoka. Ukimwagia maji yatakurukia usoni na kupanda darini. Mshumaa usimame kwenye kisahani, mbali na pazia. Nondo za dirishani ziwe na mlango wake, ufunguo mahali ambapo hata mtoto anapajua. Na mpigeni 114 kwanza, simu hiyo ni bure, halafu ndiyo mpige yowe. (Najua wengine mtaanza kupiga picha. Haya.)

Leo njooni wote saa saba mchana, hata wale tuliokwaruzana nilipovunja uzio wenu ili gari lipite. Pilau ni la sufuria mbili, mbuzi kachinjwa, na kwa wanaotumia, kuna divai ya hapa hapa nyumbani. Simu ya kikosi iko kwa vijana. Mabinti zangu nimeshawaambia: sahani yangu msiifunike.