Sindano ya jeni si ya kila uziwi

Ndugu Mhariri,

Tangu mchapishe habari ya sindano ya jeni, yenye kichwa kilichosema dawa ya uziwi imepatikana, wanaokuja kwangu kupimwa usikivu wanakuja nayo kwenye simu. Wengi ni wazee ambao masikio yao yamekuwa mazito kidogo kidogo, au mafundi waliofanya kazi miaka mingi kando ya mashine. Swali lao ni moja: sindano hiyo inapatikana wapi? Habari yenyewe sina ugomvi nayo. Ni kichwa chake kilichoahidi kisichokuwemo.

Tiba mliyoiandika inahusu jeni moja tu, iitwayo OTOF. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza protini ya otofelini, na bila otofelini seli ya kusikia haiwezi kumwaga kemikali inayoiamsha neva ipelekayo sauti kwenye ubongo. Mtoto anayezaliwa na hitilafu hiyo kwa kawaida seli zake zipo na ziko hai. Sauti inafika na seli inaitikia, ila ujumbe unakwamia hapo hapo, hauvuki kwenda kwenye neva. Hata kuipeleka jeni nzima ndani haikuwa rahisi, maana ni ndefu kuliko nafasi iliyomo katika kirusi kinachotumika kuibeba. Watafiti wakaigawa mara mbili, kila nusu na kirusi chake. Katika matokeo ya Shanghai, China, yaliyochapishwa Januari 2024, watoto watano kati ya sita waliotibiwa walipata usikivu. Ni kazi kubwa. Lakini hitilafu ya OTOF ni sehemu ndogo tu ya uziwi wa kurithi, sembuse uziwi wote.

Sasa mchukueni yule fundi. Ndani ya koklea, ile njia ya mfupa iliyojizungusha kama kombe la konokono, binadamu huzaliwa na seli za kusikia zipatazo 15,000 katika kila sikio. Kama 3,500 kati ya hizo, zilizopangwa mstari mmoja, ndizo hasa zinazopeleka habari kwenye ubongo. Zilizobaki, mistari mitatu upande wa nje, hurefuka na kufupika kwa kasi ya ajabu ili kuikuza sauti hafifu, na kwa kawaida ndizo kelele inazozimaliza kwanza. Ndiyo maana fundi huyo atakwambia, "Nakusikia, ila sikuelewi." Seli hizo zikishafa, hakuna pa kupandikiza jeni. Kuku akiharibiwa zake huotesha nyingine, jambo lililogunduliwa miaka ya 1980. Sisi na mamalia wenzetu tukishakomaa hatuzioteshi tena. Dawa moja iliyotarajiwa kuziotesha ilijaribiwa kwa watu, na mwaka 2023 ikaonekana haikuwasaidia kuelewa maneno kuliko sindano isiyo na dawa. Fundi wetu anahitaji kifaa cha kusaidia kusikia kilichorekebishwa kufuata vipimo vyake, na uziwi ukizidi, kipandikizi cha koklea, ambacho huziruka seli zilizokufa na kuigusa neva moja kwa moja kwa umeme.

Lakini lililonifanya nishike kalamu hasa ni uziwi mwingine, ambao habari yenu haikuugusa na ambao kwangu ndio wa haraka kuliko wote. Mtu analala mzima, anaamka sikio moja limeziba, pengine linavuma, pengine na kizunguzungu. Hakuna maumivu. Anadhani ni nta au mafua, ananunua matone, anasubiri. Au anaambiwa na mhudumu asiyemchunguza kwamba ni nta. Anapofika kupimwa, wiki sita zimepita.

Uziwi wa ghafla wa sikio la ndani hutibiwa kwa steroidi, za kumeza au za kudungwa kupitia ngoma ya sikio, na zinafaa kuanza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Sitaki nami niahidi mno: ushahidi wa dawa hizo una mapengo, wapo wanaopona bila dawa yoyote, na wapo wanaotibiwa siku ya pili wasipone. Lakini kadiri siku zinavyopita ndivyo nafasi inavyofifia, na kuna sababu nyingine ya kutokaa nyumbani: mara chache chanzo huwa ni uvimbe kwenye neva, unaoonekana kwa picha ya MRI.

Kuna jambo ambalo msomaji anaweza kulifanya hapo alipo. Sikio moja likiziba ghafla, funga mdomo, vuma "mmm" kwa sauti nzito, usikilize mvumo unaelekea upande gani. Mvumo ukizidi katika sikio lililoziba, huenda ni nta au maji, kitu kinachozuia njia. Mvumo ukikimbilia sikio lisiloziba, shuku sikio la ndani, na uende siku hiyo hiyo. Ni msingi uleule wa kipimo cha Weber, ambapo tunagonga uma maalumu wa chuma unaovuma ukigongwa na kuuweka katikati ya paji la uso. Mvumo huo hauchukui nafasi ya kipimo kamili, na hata ukikupa jibu la nta, bado mtu aliangalie sikio hilo kwa taa kabla hujamwaga kitu ndani yake.

Ombi langu basi, Mhariri, ni mawili. Mnapoandika tena kuhusu tiba ya usikivu, semeni mapema, ikiwezekana kwenye kichwa chenyewe, ni uziwi gani na wa nani. Na hiyo nafasi mliyoipa sindano ya Shanghai, ipeni pia habari ya sikio linaloziba usiku mmoja. Nipo tayari kumsaidia mwandishi wenu kwa maelezo.

Wenu,
Mpima usikivu