Mpwa wangu, filamu ya zamani haijazeeka

Mpwa wangu mpendwa,

Juzi ulinitumia ujumbe kwamba ulijaribu kuangalia filamu ya nyeusi na nyeupe ukaizima mapema, eti hakuna kinachotokea. Halafu ukaniomba nikutajie filamu ninazozipenda, za kale na za sasa. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu wengi wa rika lako wana neno hilo hilo mdomoni. Sitakupangia kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini. Nitakutajia chache, nikueleze na sababu.

Kipimo changu ni kimoja: filamu inaniacha nione mwenyewe, au inanitafunia? Ziko filamu ambazo mtu akihuzunika anatamka kwamba ana huzuni, hapo hapo vinanda vinalia, na mvua nayo inamnyeshea. Nyingine inakuonyesha mkono wa mtu tu, nawe unaelewa yote. Kipimo hicho hakiulizi filamu ilitengenezwa mwaka gani.

Anza na 12 Angry Men ya mwaka 1957, maana hiyo haitakupa nafasi ya kusinzia. Wanaume 12, raia wa kawaida walioteuliwa na mahakama ya Marekani kutoa uamuzi, wamefungiwa chumbani siku ya joto kali waamue kesi ya mauaji. 11 wanataka kijana aonekane ana hatia, mmoja anasema tuzungumze kwanza. Karibu filamu nzima ni chumba hicho kimoja. Muongozaji wake, Sidney Lumet, alianza na kamera iliyo juu ya usawa wa macho, akawa anaishusha kadiri mabishano yanavyopanda, na akabadilisha lenzi ili kuta zionekane zinawasogelea. Ukiwa unaangalia hutagundua lolote kati ya hayo. Utahisi tu kifua kinabana.

Ukimaliza hiyo, njoo kwenye ile ninayoipenda kuliko zote: Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya 1948, ambayo utaikuta pia kwa jina la Bicycle Thieves. Baba mmoja wa Roma, baada ya kukaa sana bila kazi, anapata kazi ya kubandika mabango, kwa sharti awe na baiskeli. Baiskeli anayo, lakini iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani, anayafunga, wanaenda kuyaweka rehani ili waikomboe baiskeli. Sasa tazama kwa makini kinachofuata: mfanyakazi wa pale anachukua furushi lao, anapanda rafu kwenda juu kabisa, na kamera inamfuata. Rafu zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine, hadi darini. Hakuna anayesema nchi imefilisika baada ya vita. Umeshaelewa.

Baiskeli inaibwa siku ya kwanza ya kazi, na kilichobaki ni baba na mtoto wake Bruno wakizunguka jiji kuitafuta. Wewe umezoea kwamba steringi hafi na mwisho wake anashinda. Huyu baba hana ngumi wala bastola. Aliyemwigiza, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, hakuwa mwigizaji wa kazi, na unaliona hilo katika mwendo wake: anatembea kama mtu aliyechelewa. Kuna mahali wanaingia mgahawani, na Bruno anakula huku akimkodolea macho mtoto wa kitajiri kwenye meza ya pili. Kisha baba yake anaanza kupiga hesabu ya mshahara ambao angeupata, na mtoto anaacha kula. Mwisho wake sikuambii. Nakuomba tu umwangalie Bruno kuliko unavyomwangalia baba yake.

Najua Parasite ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, ile ya familia maskini inayojipenyeza kufanya kazi kwenye nyumba ya tajiri, uliipenda, na mimi naipenda. Ilichukua tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya filamu bora. Nusu ya kwanza naona haina doa. Damu ya mwisho kwangu imezidi kidogo, ila naisamehe kwa sababu ya pua: yule tajiri kuziba pua kwa harufu ya maskini, na dereva kumwona akifanya hivyo. Hapo ndipo Bong na De Sica wanapokutana, ingawa zaidi ya miaka 70 imewatenganisha.

Tokyo Story ya Mjapani Yasujiro Ozu, ya 1953, usiiangalie ukiwa na usingizi. Kamera yake imekaa chini, karibu na usawa wa mtu aliyekaa sakafuni, na husogea kwa nadra mno. Wazazi wazee wanasafiri kwenda kuwaona watoto wao jijini, na watoto wako bize. Hakuna aliye mkatili. Ni watu tu wenye kazi, kama mimi na wewe, na hilo ndilo linalouma. Anayewapokea kwa moyo ni mkwe wao Noriko, mjane wa mtoto wao aliyekufa vitani, na pombe ya kumkaribisha baba mkwe anaiazima kwa jirani. Mama anapofariki, binti yao wa kumzaa anaulizia nguo za marehemu kabla watu hawajatawanyika. Anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, tena mdomo haujakauka chakula. Nikupe tahadhari moja: ukimaliza utataka kumpigia mama yako simu. Mpigie.

Si kila cha kale ni dhahabu, nisije nikakudanganya. Out of Africa ya 1985 ilibeba Oscar saba, na mandhari yake ya Kenya ni mazuri kweli. Lakini waangalie Waafrika waliomo ndani: wanabeba, wanapokea amri, wanasubiri. Wazungu wawili wanapendana, na nchi nzima imegeuzwa pazia nyuma yao. Kila nikiitazama inanikera upya.

Dawa yake ni La Noire de... ya Msenegali Ousmane Sembène, ya 1966, kama saa moja tu. Diouana anaondoka Dakar kwenda Ufaransa akiamini ataenda kulea watoto. Akifika anakuta ni kupika, kufua na kusafisha, na dirisha analochungulia nje. Anapiga deki amevaa gauni zuri na viatu vya visigino virefu, maana nguo hizo ndizo alizoziota. Bibi wa nyumba anamwamuru avue viatu. Kwa mdomo Diouana hasemi karibu chochote zaidi ya kuitikia, ila sisi tunasikia mawazo yake, yamejaa maswali na hasira. Na kuna kinyago alichowapa matajiri wake kama zawadi, kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe. Kifuatilie kinyago hicho mpaka dakika ya mwisho.

Za karibuni nitazipitia haraka. Past Lives ya Celine Song, ya 2023: itazame kwa ajili ya mume aliyekaa kaunta huku mkewe akiongea Kikorea na rafiki wa utotoni. Filamu nyingine ingemfanya mume yule awe mbaya, hii imemwachia utu wake. Perfect Days ya Wim Wenders, ya mwaka huo huo, inamfuata mzee anayesafisha vyoo vya umma Tokyo, na Koji Yakusho alistahili kabisa tuzo ya mwigizaji bora aliyopewa Cannes. Anatumia kioo kidogo kukagua sehemu za chini zisizoonekana, na heshima hiyo kwa kazi ilinigusa sana. Lawama yangu ni kwamba vile vyoo ni visafi mno. Aliyewahi kufanya kazi ile anajua.

Imebaki Oppenheimer ya Christopher Nolan, ile ya mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, ambayo uliniambia ni filamu bora ya maisha yako. Saa tatu, na muziki karibu haupumziki, kama kwamba tusipopigiwa ngoma tutaacha kuliogopa bomu hilo. Lakini bomu lenyewe linapolipuka kwenye jaribio la Julai 1945, Nolan ananyamazisha kila kitu. Unasikia pumzi tu. Pale ameniamini, na kwa dakika ile niko upande wako. Nyingine tutabishana ukishamwona Diouana. Nipigie kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote.

Mjomba wako