Barua ya Malalamiko: Ziara ya Bustani ya Miti, Nairobi

Kikundi cha Vitalu vya Miche,
Malindi.
28 Julai

Kwa Meneja wa Kampuni,

KUH: ZIARA YA NAIROBI ARBORETUM

Baada ya salamu, sisi watu 14 tulilipia ziara hii kwa ajili ya miti. Ratiba yenu iliahidi muda wa saa nne bustanini, pamoja na mwongozaji anayeijua miti. Tulipata saa moja na nusu, na mwongozaji asiyeujua mkalitusi.

Muda uliishia getini. Kiingilio hulipwa kwa simu. Dereva wenu alikuja na noti. Halafu chupa zenu za maji zikazuiliwa. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na hifadhi za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, na kampuni ya utalii haina udhuru wa kutolijua hilo.

Lililotuuma zaidi ni la mwongozaji. Kwenye shina moja kibao kilipigiliwa misumari zamani. Shina likanenepa, gome likakimeza, likabaki neno "saligna" tu. Akasema ni mti wa kienyeji. Ule ni mkalitusi, asili yake Australia. Hata kibao kisingekuwapo, gome la chini lina magamba, la juu ni laini na linabanduka vipande virefu. Ukifikicha jani, lanuka dawa ya kuchua kifua. Sisi huuza miche. Mtu akiuziwa huo kama wa kienyeji akaupanda kando ya kisima, atajuta, maana hunywa maji mengi mno. Tena hiyo ndiyo historia ya pale: bustani ilianzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ya kigeni inayokua haraka, zipatikane kuni za garimoshi. Asiyetenga miti ya kigeni na ya kienyeji atatueleza nini?

Tangazo lenu nalo lilionyesha mijakaranda imechanua, na safari ni ya Julai! Nairobi huchanua Septemba hadi Novemba. Julai ni baridi na mawingu, na wazee wetu wa Pwani hawakuambiwa wabebe sweta.

Tunadai mturudishie nusu ya malipo ndani ya siku 14, au mtupeleke tena Oktoba bila malipo: kiingilio kilipwe kabla ya kuondoka Malindi, maji yawe kwenye madumu, na mwongozaji tuzungumze naye kwanza kwa simu.

Risiti na ratiba tumeziambatisha.

Wenu,
Mwenyekiti, kwa niaba ya kikundi