Barua kwa mwanangu msimamizi: Jina la leso halitoshi kazini

Lamu

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Baada ya salamu, sote wazima, na bibi yako anakuombea dua kila Alfajiri. Tumefurahi kusikia umepewa usimamizi wa zamu hapo hotelini Malindi. Watu kumi na wanne si wachache: Wagiriama, Wabajuni, Mkamba wa jikoni, Wajaluo wawili wa mapokezi, na juu yenu meneja Mtaliano. Umeniuliza, kwa ajili ya huyo wa mapokezi anayekusumbua, mtu anamkabili vipi mwenzake kwa jambo zito bila kuharibu maelewano. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo wasimamizi wengi wapya wanapokwama.

Sisi wa pwani tumelelewa kwa stara. Mtu akikuudhi humwambii usoni. Unamtupia fumbo, unamvalia leso yenye jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, linalomgusa, au unamtuma mtu mzima apeleke neno. Hayo yana faida yake: aliyekosea anajirekebisha bila kuaibishwa mbele za watu. Lakini fumbo hulifumbua anayelijua. Kijana aliyetoka Kisumu akiiona leso yako ataona maua na rangi tu, na pengine asiyehusika ndiye atakayejiona kasemwa, ukawa na ugomvi wa pili. Kwa hiyo stara yako iweke kwenye mahali, saa na sauti. Neno lenyewe liseme wazi.

Kabla ya kumwita mtu, andika mistari mitatu. Wa kwanza: nini kilitokea, siku gani, saa ngapi. Wa pili: kiliharibu nini au kilimwumiza nani. Wa tatu: unataka kifanyike nini kuanzia sasa. Mstari wa kwanza ukiwa na “kila siku” au “daima”, ufute uandike tarehe. Wa tatu ukikushinda kuandika, basi hujawa tayari kuzungumza, unatafuta pa kumwagia hasira. Usimwite ukiwa bado unatetemeka, ila usipitishe siku mbili. Jambo likikaa wiki nzima, yeye ameshalisahau na wewe umeshaliongezea mengine matano.

Mahali pasiwe jikoni, wala mbele ya wageni, wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha kazini. Hili la WhatsApp nakukataza kabisa. Ujumbe wa sauti unaorekodi usiku ukiwa na hasira, asubuhi umeshafika Watamu, na hakuna atakayesikiliza kosa lake tena, wote watasikiliza sauti yako. Tafuta chumba ambacho watu hawachungulii. Ukiwa na mwanamume peke yenu, acha mlango wazi kidogo au mwite mtu wa tatu mnayemkubali nyote. Keti ubavuni mwa meza, usikae ng'ambo yake kama hakimu. Nusu saa inatosha. Usimshike mtu mwisho wa zamu, matatu ya mwisho inamsubiri, wala saa ya mwisho kabla ya futari.

Salamu zisipite kiasi. Ukimuuliza habari za mama, za watoto, za shamba, kisha ndiyo umtolee shutuma, siku nyingine ukimsalimia ataanza kuogopa. Msalimie vizuri, umkaribishe akae, kisha sema hivi: “Jumatatu, Jumatano na jana umefika saa mbili na dakika ishirini, na zamu inaanza saa mbili kamili. Mwenzako wa usiku alibaki mpaka ulipokuja. Nataka kujua kuna nini.” Halafu nyamaza. Hesabu mpaka kumi moyoni ikibidi. Wengi huharibu hapa: kimya kinawasumbua, wanaanza kujijibia wenyewe, na yule aliyekuwa karibu kusema ukweli anaipokea sababu waliyompa.

Akishasema, mrudishie kwa maneno yako: “Kwa hivyo unaniambia gari la kutoka kwenu halijazi mpaka saa mbili kasorobo, sivyo?” Akikubali, ndipo mtafute njia pamoja. Pengine abadilishane zamu na mtu anayekaa karibu.

Sasa angalia herufi moja. Ukisema “umechelewa”, unazungumza naye. Ukisema “mmezoea kuchelewa”, umeshawaingiza ndugu zake, kijiji chake na kabila lake ndani ya chumba. Hiyo *u* ikigeuka *m*, mazungumzo yamekwisha, hata kama nia yako ilikuwa njema, kwa sababu hatajibu tena la kuchelewa, atawatetea watu wake. Vivyo hivyo akikuambia wewe “nyinyi Waswahili”, usimlipe. Mwambie kwa upole, “Hapa tuko mimi na wewe,” urudi kwenye mstari wako wa kwanza.

Lugha yetu ina adabu nyingine ya kumficha mtenda: glasi imevunjika, chakula kimeungua, pesa zimepungua. Kuanza nayo ni vizuri, inampa mtu nafasi ya kusema mwenyewe “ni mimi”. Lakini usiishie hapo. Katika daftari la zamu lazima ijulikane nani alifanya nini, la sivyo meneja akitafsiriwa ataona mnafichana, na asiye na kosa ndiye atakayeshukiwa.

Mengi mnayoyaita dharau ni Kiswahili tofauti tu. Mtu wa bara akikwambia “leta hiyo” au “nataka funguo”, aghalabu hakuamuru. Hivyo ndivyo alivyojifunza Kiswahili, bila “naomba” wala “tafadhali” za kwetu. Yeye naye akikuona unainamisha macho na kunyamaza, huenda akadhani una hatia au umemdharau, wakati wewe unamheshimu. Meneja wako akipaza sauti na kurusha mikono, mtazame kama anarudia kosa lilelile au anatoa mkazo tu, kabla ya kuamua kwamba amekasirika. Na usimhukumu kila Mtaliano kwa huyo mmoja. Dawa ni kuuliza: “Ulivyosema vile, ulikuwa na maana gani?”

Neno “sawa” pia lina hila. Mara nyingi maana yake ni “nimesikia”, au hata “niache niende”. Usilichukue kuwa makubaliano. Muulize, “Tumekubaliana nini?” na yeye ndiye aseme. “Inshallah” kwetu ni ahadi yenye adabu, ila kwa mgeni wa lugha inaweza kusikika kama kukataa kwa upole, kwa hiyo mtajie na siku. Na saa, mwanangu, ziandike kwa tarakimu 24 kwenye ratiba, 08:00 na 14:00. Anayejifunza Kiswahili akifikiri “eight” husema “saa nane”, na mfanyakazi anakuja baada ya adhuhuri kwa zamu ya asubuhi. Saa sita zinapotea, na kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ni mwongo.

Wakigombana wawili chini yako, na hapo Malindi watagombania bahashishi kabla ya kitu kingine, jikoni wakisema wahudumu wanakula peke yao, usiwakalishe pamoja mara moja. Msikilize kila mmoja peke yake robo saa. Usibebe neno la huyu ukampelekea yule. Kisha wakutanishe, kila mmoja dakika tano bila kukatizwa, na kabla ya kujibu aseme kwanza alichosikia kwa mwenzake. Mkitoka na mgao, uandikwe kwa hesabu: asilimia ngapi jikoni, ngapi mezani, ngapi usafi, na unagawanywa siku gani mbele ya nani. Mmoja wao akiwa binamu yako au shemeji, sema wazi, na usuluhishi umpe msimamizi mwingine. Katika miji yetu udugu haujifichi, na anayeuficha haaminiwi tena.

Siku hiyohiyo andika mistari mitano: tarehe, jambo, alichosema, mlichokubaliana, siku ya kuangalia tena. Wiki mbili zinatosha. Asome yeye, akiona pana kosa asahihishe.

Yapo mambo ambayo si ya kukaa na kusuluhisha. Mtu ametishwa, amepigwa, ameibiwa, ameguswa au amesemeshwa kwa aibu: usimkalishe na aliyemfanyia. Andika alichokueleza kwa maneno yake, upeleke juu siku hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, basi iombe hiyo sera uisome kabla hujaihitaji. Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa dini, kabila, na hata lugha. Na kifungu cha 41 kinasema mtu kabla ya kufukuzwa kwa makosa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Mahotelini chama cha wafanyakazi kinachojulikana ni KUDHEIHA. Ukiona meneja anamsomea Mgiriama barua ya Kiingereza asiyoielewa ili atie sahihi, simama useme isomwe kwa Kiswahili. Usinyamaze hapo hata kidogo.

La mwisho ni ratiba. Ugomvi mwingi wa dini kazini ni wa ratiba. Kaa na watu wako kabla ya Ramadhani, wala si siku ya kwanza ya mfungo, uwaulize nani afuturu saa ngapi na nani amshikie nafasi. Ijumaa watoke kwa zamu za kupokezana, na anayewashikia Waislamu adhuhuri hiyo, Jumapili asubuhi naye ashikiwe aende kanisani. Ibandike ukutani kila mtu aione.

Nitumie mistari yako mitatu ya huyo wa mapokezi kabla hujamwita. Nipigie baada ya Isha, tutaipitia pamoja.

Wasalaam,
Mamako