Mpira wa Matairi Chakavu Ndani ya Lami: Unachosaidia na Usichoweza Kuponya

Wateja wengi wanaotupigia simu kutoka mitaa ya Nairobi huanza na lalamiko lilelile: barabara ya kuingilia mtaani iliwekwa lami miaka michache tu iliyopita, sasa imejaa nyufa zilizoshikana kama magamba ya kobe, na kila masika yakifika vipande hung'oka na kuacha mashimo. Wakishasikia kwamba sisi huchanganya lami na mpira wa matairi chakavu, huuliza kama dawa ni hiyo. Jibu hutegemea kilichoko chini ya lami, na tungependa ulielewe kabla hujatoa hata shilingi moja.

Lami huzeeka. Jua na hewa huila polepole, ikapoteza mafuta yake na kukakamaa, hadi siku lori linapopita inapasuka badala ya kunepa. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako jua la mchana ni kali na usiku wa Julai una baridi, kwa hiyo lami hutanuka na kusinyaa bila kupumzika. Mpira wa tairi ulitengenezwa kustahimili mateso ya aina hiyohiyo: una masizi ya kaboni na kemikali zinazozuia kuzeeka, na sifa hizo ndizo tunazozihamishia kwenye lami.

Charles McDonald, mhandisi wa jiji la Phoenix nchini Marekani, ndiye aliyeufikisha utaratibu huu barabarani katika miaka ya 1960, alipokuwa akitafuta kiraka ambacho hakingepasuka. Matairi husagwa kuwa chembe ndogo, nyingi zikiwa chini ya milimita 2, nyaya za chuma zikaondolewa kwa sumaku na nyuzi za kitambaa zikapepetwa. Chembe hizo huingizwa katika lami yenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, zikiwa kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wa mchanganyiko, kisha hukorogwa kwa muda wa saa moja hivi. Mpira hauyeyuki kama sukari ndani ya chai. Hunyonya mafuta mepesi ya lami na kuvimba, kama maharagwe yaliyolowekwa. Ukichovya fimbo ya chuma katika lami ya kawaida yenye joto hilo, huchuruzika kama mafuta ya kupikia, lakini hii yetu hushuka taratibu kama uji mzito, na ukiitazama kwa karibu utaona vipele vya chembe zilizovimba. Uzito huo, yaani kuchuruzika taratibu, ndio unaoiwezesha kuvika kila kokoto koti nene, na koti nene huchelewa kukauka na kupasuka.

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. Mchanganyiko usipokorogwa, chembe hutuama chini ya tangi. Ukipikwa kupita kiasi, mpira huvunjikavunjika na uzito wote hupotea. Kuna siku mvua ilitukatiza kazi katika yadi moja ya Industrial Area, mchanganyiko ukalala kwenye tangi la moto hadi asubuhi, na tulipoupima ulikuwa umelegea kabisa. Hatukuumwaga barabarani, na gharama hiyo tuliibeba sisi wenyewe. Mkandarasi yeyote atakayekuambia kwamba anatumia lami ya mpira, muulize anapimaje uzito huo wa kuchuruzika kabla ya kumwaga.

Mpira hauponyi msingi mbovu. Katika maeneo kama Embakasi na kuelekea Athi River, udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na hakuna lami inayoweza kuushikilia. Ni lazima uchimbwe, uondolewe au utibiwe, na mitaro ifanye kazi. Vilevile, kwa maegesho ya nyumbani yanayoingia magari mawili, mara nyingi tunamshauri mteja atumie lami ya kawaida, kwa sababu hii ya mpira hula mafuta mengi ya kuipasha moto, huhitaji lami nyingi zaidi kwa kila tani ya kokoto, na bei yake hupanda ipasavyo. Inapolipa ni kwenye barabara za mitaa zinazopitwa na malori ya maji na ya taka, na pale tabaka jipya linapowekwa juu ya lami ya zamani yenye nyufa, kwa kuwa huchelewesha nyufa hizo kupenya hadi juu.

Tunajali pia yanakotoka matairi yenyewe. Mafundi wa akala hutumia machache. Mengine huchomwa ili kupata waya, moshi wake mweusi ukiingia madirishani mwa watu, au hutupwa yakajaa maji na kuzaa mbu.

Kazi hii huhitaji sehemu kavu, kwa hiyo tunapanga miradi mingi kati ya Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hadi Septemba. Kabla ya kukupa bei, tutachimba shimo dogo kando ya barabara yako ili kuona msingi ulivyo. Huchukua asubuhi moja, na tunalifukia siku hiyohiyo.