Mwanangu, mvua ya sehemu ya tatu ni ghali mno

Mbeya

Mwanangu,

Ndaga fijo, asante sana, kwa mafaili uliyotuma. Andiko nimelisoma kwa raha. Bajeti nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, maana unajua kazi niliyowasomeshea ninyi ilikuwa kuuliza watu hela imekwenda wapi.

Kituo kinataka uwe mwandishi na mtayarishaji wa tamthilia yako kwa pamoja. Kubali. Baba yako anaogopa kwamba utayarishaji utakuondoa kwenye kuandika, utabaki unahangaika na mafuta ya jenereta na chakula cha waigizaji. Mimi sioni hivyo. Mwandishi asiyeijua bajeti huletewa mabadiliko na mtu asiyeijua hadithi, na mtu huyo hukata palepale penye utamu.

Chukua sehemu ya tatu. Umeandika mvua kubwa sokoni Mwanjelwa, watu wanakimbia, viazi vinaelea mtaroni. Halafu naangalia ratiba: mnapiga picha mwezi wa nane. Mwanangu, si umezaliwa hapa? Mvua zetu huanza Novemba zikaisha Aprili au Mei. Mwezi wa nane ni vumbi na upepo. Ndiyo maana kwenye bajeti kuna gari la maji, pampu, kundi zima la watu wa kukimbia na siku nyingine ya akiba kama jua litawakatalia. Tukio hilo moja limemeza hela kuliko sehemu yote ya nne.

Mtayarishaji wa kukodiwa angelifuta lote. Wewe uliyeliandika unajua kwamba maji siyo kiini chake. Kiini ni yule mke kumwona mumewe anarudi mkavu siku ambayo kila mtu kalowa. Basi lihamishie ndani ya kibanda. Mvua iwe sauti juu ya bati, hiyo wataiongeza studio. Jirani aingie anakamua kanga yake, akae, aombe chai. Kisha mume aingie, shati limenyooka, na mke amtazame bila kusema kitu. Ndoo moja ya maji inatosha, na nadhani limekuwa tukio kali kuliko lile la kwanza.

Nyumba ya mama mkwe inaonekana sehemu ya kwanza, ya tano na ya tisa. Matukio yake yote yapigwe picha siku moja, mumlipe mwenye nyumba mara moja. Ila mtu wa mavazi awe na picha ya kila nguo kwa kila tukio. Sisi wa huku hatusamehi gauni linalobadilika rangi mlangoni.

Jambo jingine, dogo lakini linaniudhi: muuza viazi wako anaongea kama kijana wa Kinondoni. Mtu aliyeshusha viazi kutoka milima ya Uporoto alfajiri na baridi ile ya Juni haongei hivyo. Njoo ukae sokoni asubuhi, usikilize.

Sasa mfadhili. Naona fungu la pili la fedha linatoka kwa watu wa afya. Wewe hukuwepo mwaka 1993, Radio Tanzania ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati, wa kuelimisha kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Hata mahali uliporushwa palipangwa: Dodoma waliwekewa vipindi vingine hadi 1995 ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa malori, mpenda wanawake kila kituo. Huku tuliko, kwenye njia ya Tunduma, Mkwaju hakuhitaji kuelezwa; tulikuwa tunawaona akina Mkwaju wakishuka kula. Waandishi walimwacha aharibu mambo mpaka ugonjwa ukamfika, wala hakugeuka mhubiri baada ya vipindi viwili. Hela ya mfadhili ipokee, lakini mkataba useme wazi nani ana neno la mwisho juu ya andiko. Wakitaka daktari wao aje atoe hotuba katikati ya harusi, uwe na karatasi ya kuwaonyesha.

Kule Marekani, mara nyingi mwandishi mkuu wa tamthilia ndiye mtayarishaji wake mkuu: anaongoza chumba cha waandishi, ana sauti katika kuchagua waongozaji na waigizaji, anakaa hadi uhariri uishe. Hata hao, pamoja na ukubwa wao, waligoma tangu 2 Mei hadi 27 Septemba 2023, wakidai malipo bora kazi zao zinapoonyeshwa mtandaoni na mipaka kwa akili mnemba. Waliweza kwa sababu wana chama chenye nguvu. Wewe ukigoma peke yako hapo Dar es Salaam, kabla jua halijazama ameshapatikana mwingine.

Kinga yako ni karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi iliyoandikwa, maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada yake, lakini wazo tupu hailigusi. Kwa hiyo acha kusimulia hadithi nzima kwenye vikao vya chai. Peleka andiko, lenye tarehe na jina lako. Kibali cha Bodi ya Filamu nacho kiombwe mapema, msije mkafika Mwanjelwa na kamera mkaanza kubembelezana na askari.

Kabla hujasaini, nijibu haya. Kituo kingine kikinunua tamthilia, au ikiwekwa YouTube, wewe unapata nini? Wakitaka msimu wa pili bila wewe, wahusika ni wa nani? Na malipo ya uandishi yametenganishwa na ya utayarishaji, au wamekupa kazi mbili kwa mshahara mmoja? Hilo la mwisho sijaliona popote kwenye karatasi zako.

Ule ugomvi wa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kwenye sehemu ya sita usiukate hata wakikubana. Ni gunia moja na watu wawili wanaobishana, na kila mkulima kuanzia hapa hadi Makambako atakaa kuutazama.

Mama yako